SUMU YA NYOKA NI YA KAZI GANI?

Nadhani mmekwisha kukaa, taa inawaka, na kila mmoja ana daftari lake na kalamu. Wale waliokosa kusikiliza redio watalipata somo katika karatasi hii iliyochapwa. Maneno ni yale yale niliyosema, ila kikohozi changu kimeachwa.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno haya matatu ubaoni kwa herufi kubwa, uyaache hapo mpaka mwisho: TEZI, PROTINI, KUFULI. Mawili ya kwanza huenda ni mageni kwa wengine. La tatu kila mtu alijua, nalo ndilo litakalotusaidia zaidi.

Somo la leo limetokana na barua. Aliyeandika ni bibi mmoja aliyeanza kujifunza kusoma akiwa na wajukuu, na mwandiko wake ni safi kuliko wangu. Anasema kwamba mjukuu wake, mtoto wa miaka tisa, alikuwa amelala chini juu ya mkeka. Usiku wa manane akapiga yowe. Alikuwa ameumwa kidole, na watu walipoleta taa wakamwona swila akitokomea nyuma ya magunia ya mahindi. Wakamfunga mtoto kamba mkononi, wakamchanja kwa wembe, wakamwekea jiwe la nyoka, wakangoja. Siku ya pili mkono ulikuwa umevimba mpaka begani na ngozi ya kidole imekuwa nyeusi. Hapo ndipo walipompeleka hospitali. Mtoto alipona, lakini vidole viwili vilikatwa.

Mwishoni bibi huyu anauliza hivi: Nyoka yule hakukanyagwa na mtu. Tena hawezi kummeza mtoto. Basi alitaka nini, na sumu kali namna hiyo ana faida nayo gani?

Nililipeleka swali hili kwa watu wawili watatu wenye elimu. Wote walinijibu upesi, bila kufikiri: ni silaha yake ya kujikinga na adui. Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini ni kweli ndogo. Kweli kubwa iko mahali pengine, na tutaifikia polepole.

Mfikirieni nyuki. Nyuki ana sumu, na sumu yake ni ya kujikinga hasa, kwa sababu yeye hali nyama. Je, mtu akichomwa na nyuki huchukua muda gani kabla ya kusikia maumivu? Hata kufumba jicho ni muda mrefu. Sumu ya kufukuza adui lazima iume papo hapo, ili adui akimbie na asirudi tena. Sumu inayomwua adui kesho asubuhi haimfai nyuki aliyepondwa leo jioni.

Sasa mtazameni nyoka. Mwaka 2020 yalichapishwa majibu ya watu wengi washikao nyoka katika kazi zao, ambao walikuwa wameulizwa jinsi walivyosikia walipoumwa. Wengi walisema kwamba katika dakika za kwanza hawakusikia maumivu makali. Maumivu yalikuja baadaye, na kwa wengine hayakuja kabisa. Kama sumu ingekuwa imetengenezwa kwa ajili ya kutufukuza sisi, ingekuwa silaha mbovu sana. Twapata hapa alama ya kwanza kwamba kazi yake kubwa si hiyo.

Kazi yake kubwa ni chakula.

Nyoka hana mikono wala kucha, wala meno ya kutafuna. Chakula chake hana budi kukimeza kizima. Panya mkubwa ana meno makali na miguu minne ya kupapura, na nyoka ana macho mawili yasiyo na kope. Akishindana naye kwa nguvu tu, aweza kumshinda, lakini akabaki kipofu, na nyoka aliyejeruhiwa hakai siku nyingi. Chatu ameitatua shida hiyo kwa misuli yake. Humzungushia mnyama mwili wake, akambana mpaka damu ikaacha kuzunguka. Hana sumu hata tone, kwa maana haihitaji. Wale wasio na mwili mnene kama wa chatu wameitatua kwa sumu. Katika aina karibu 4,000 za nyoka zinazojulikana duniani, 600 hivi zina sumu ya kutajwa, na si zote hizo zinazoweza kumdhuru mtu.

Mtazameni kifutu, ambaye wengine humwita bafe na wengine moma. Hulala kimya kando ya njia, amejifanya majani makavu. Huweza kukaa siku nyingi akingoja. Watu waliomchunguza huko Afrika Kusini wamemwona akichezesha ulimi wake taratibu mbele ya chura, ili chura adhani ni mdudu, asogee. Panya akipita, kifutu humpiga kwa meno na mara nyingi humwachia papo hapo. Kwa nini amwachie chakula chake? Kwa sababu panya aliyeshikwa huuma. Aliyeachwa hukimbia hatua kadhaa, akalegea, akafa, kisha kifutu humfuata kwa kunusa njia yake kwa ulimi. Kwa namna hii humla mnyama asiyeweza tena kumdhuru.

Koboko naye, na ndugu yake wa kijani wa mitini aliyeko pwani yetu, wana shida nyingine. Ndege akiumwa na kuachwa huruka, akaenda kufia mbali ambako nyoka hamwoni. Kwa hiyo ndege hushikwa asiachwe, na sumu lazima ifanye kazi yake upesi sana. Mtaona kwamba kila nyoka ana sumu inayolingana na riziki yake, na jambo hili limethibitishwa vizuri. Kaskazini mwa Kenya, katika nchi kavu, kuna nyoka mdogo mkali ambaye hujikunja na kusugua magamba yake mpaka yakatoa sauti kama ya mafuta yanayokaanga. Ana jamaa zake wengi mpaka Uarabuni na Bara Hindi. Baadhi yao hula nge sana, na baadhi hawali nge. Mwaka 2009 wataalamu walieleza majaribio yao: sumu ya wale walao nge ni kali zaidi kwa nge kuliko sumu ya wale wasiowala. Hakuna habari ya mtu hapo. Ni habari ya nyoka na nge wake tu.

Na yule ambaye chakula chake hakikimbii wala hakiumi? Mashambani kwetu yuko nyoka mwembamba ambaye hula mayai ya ndege na hali kitu kingine. Hulimeza yai zima, hulipasua kooni kwa mifupa ya mgongo wake, hunywa ute na kulitema ganda. Nyoka huyu hana sumu ya kudhuru, na meno yake ni madogo mno. Akitishwa hujifanya mkali, husugua magamba kama yule wa kaskazini, lakini ni maigizo matupu. Huko baharini, upande wa Australia na Asia, yuko nyoka wa jamii ya wenye sumu kali ambaye siku hizi hula mayai ya samaki. Sumu yake imepungua nguvu mara nyingi sana kuliko ya ndugu zake. Chakula kilipobadilika, silaha ikaingia kutu. Nadhani huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote, na ningependa muukumbuke hata mkisahau mengine.

(Mwalimu, simama hapa kidogo. Waulize wanafunzi ni nani amewahi kumwona nyoka akila, na alikuwa akila nini.)

Sasa twende kwa maneno yaliyoko ubaoni.

TEZI ni kiungo kidogo cha mwili kinachotengeneza maji ya namna fulani na kuyatoa. Wewe una tezi za mate mdomoni, na ukisikia harufu ya pilau wajua kwamba zinafanya kazi. Nyoka mwenye sumu ana tezi mbili nyuma ya macho, huku na huku, na ndizo zinazotengeneza sumu. Kutoka huko maji yale hupita katika njia nyembamba mpaka kwenye jino. Jino la kifutu ni refu, lina tundu ndani kama sindano ya daktari, na hulazwa juu ya kaakaa mdomo ukifungwa. Jino la koboko na la swila ni fupi na halilali. Nyoka wengine wana meno ya sumu nyuma ya taya, nao watu huwadharau.

Kudharau huko kumeua. Katika Septemba ya mwaka 1957, mjini Chicago, mtaalamu mashuhuri wa nyoka, Karl Schmidt, aliletewa nyoka kijana wa mitini kutoka Afrika, yule ambaye Makaburu humwita boomslang. Alipokuwa akimshika, nyoka akamwuma kwenye kidole gumba. Meno ya nyoka huyu yako nyuma, na kidonda kilikuwa kidogo. Schmidt alifikiri haitakuwa kitu. Akarudi nyumbani, akawa anaandika katika daftari kila alichokisikia mwilini: kichefuchefu, baridi, damu kutoka kwenye fizi. Asubuhi alisikia nafuu. Siku hiyo hiyo, mchana, akafa kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Kumbukeni habari hii mtu akikwambieni, “Ameumwa jana, leo hajambo, ya nini hospitali?”

PROTINI ni vitu ambavyo mwili hujengwa navyo na kufanyiwa kazi navyo. Zimo katika maharage, nyama na maziwa, na tumezitaja katika masomo ya chakula. Mwili wako una maelfu ya aina za protini, na kila aina ina kazi yake: moja huyeyusha chakula tumboni, nyingine hugandisha damu ukijikata, nyingine hupambana na vijidudu. Sasa sikilizeni vizuri. Sumu ya nyoka, ukitoa maji, karibu yote ni protini. Tena protini hizo ni jamaa za protini za kawaida za mwili. Moja kubwa katika sumu za nyoka wengi ni ndugu wa ile inayotoka katika kongosho lako kuyeyusha mafuta ya chakula.

Basi ndugu huyu mpole amegeukaje muuaji? Hapa wataalamu wana maelezo, nami nitawapeni kwa mfano wa jembe. Mtu mwenye jembe moja hathubutu kulipeleka kwa mhunzi ligeuzwe kuwa kisu, maana atalimia nini? Lakini akipata majembe mawili yaliyo sawasawa, moja laweza kulima na la pili likapigwa nyundo. Kila kiumbe hubeba ndani ya mwili wake maagizo ya kutengeneza kila protini, na maagizo hayo huitwa jeni. Wakati wa kuwapa watoto, maagizo hunakiliwa. Mara chache sana mnakili hukosea, akanakili agizo moja mara mbili. Mtoto wa namna hiyo ana majembe mawili. Nakala moja huendelea na kazi ya zamani, na ya pili yaweza kubadilika kidogo kidogo bila hasara, vizazi na vizazi. Katika nyoka, nakala kadhaa za namna hii ziliishia kufanya kazi katika tezi za mdomoni.

Mkulima huchagua mbegu kutoka katika hindi lililo jema. Nyoka hawana mkulima wa kuwachagua. Aliyewachagua ni njaa. Yule ambaye mate yake yalimlegeza panya kidogo alikula, akazaa. Yule ambaye mate yake yalikuwa maji tu, panya alimponyoka. Rudia hivyo kwa miaka milioni nyingi, na mate hugeuka kuwa sumu. Wako kati yenu watakaosema kwamba Mwenyezi Mungu alimwumba nyoka na sumu yake, basi yamekwisha. Sikuja hapa kubishana na shehe wala padri. Nasema tu kwamba tukizisoma protini za sumu, twaona ndani yake alama za kazi zake za zamani, kama vile kisu kilichotokana na jembe huonyesha bado mahali palipotiwa mpini.

Sasa KUFULI. Unapotaka kuinua mkono, habari hupita katika mshipa wa fahamu mpaka kwenye msuli. Mshipa haukuungana na msuli. Kuna nafasi ndogo mno katikati, na mshipa humwaga hapo kitu ambacho ni kama ufunguo. Msuli una makufuli. Ufunguo ukiingia, msuli hujikaza. Sumu ya nyoka wengi wa jamii ya fira na koboko ina protini ambazo ni kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kufuli. Umejaza tundu, haufungui, na ufunguo wa kweli hauwezi kuingia. Macho hulegea kwanza, kisha ulimi, kisha misuli ya kuvuta pumzi. Mtu anaweza kuwa anasikia kila neno mnalolisema juu yake, moyo unapiga, lakini hawezi kupumua. Akisaidiwa kupumua mpaka sumu imalizike, huweza kuishi.

Kifutu hutumia njia nyingine. Protini zake nyingi hula kuta za mishipa ya damu na nyama yenyewe, ndiyo maana ya uvimbe ule mkubwa, malengelenge na kuoza.

Nasi sasa twaweza kumjibu bibi yetu swali lake la pili. Kwa nini sumu iliyotengenezwa kwa ajili ya panya na chura imtese mtoto wa mtu? Kwa sababu kufuli la msuli wa panya na kufuli la msuli wetu yanafanana sana. Damu yake na damu yetu hugandishwa kwa namna inayokaribiana. Nyoka hakutengeneza ufunguo wa nyumba yetu. Alitengeneza wa nyumba ya panya, nasi tumenunua makufuli duka moja.

Wako walioyabadilisha makufuli yao. Nguchiro hupigana na fira na kumla, na watu husimulia kwamba kuna jani analolitafuna kwanza. Hakuna jani. Mwaka 1992 wataalamu walionyesha kwamba kufuli la msuli wa nguchiro lina umbo tofauti kidogo, hata ufunguo uliovunjika wa fira haukai. Baadaye ikaonekana kwamba nyegere, kalunguyeye na nguruwe nao wamebadilisha sehemu ile ile, kila mmoja kwa wakati wake bila kujuana. Na mnyama akibadilisha kufuli, nyoka ambaye sumu yake haifai tena hulala na njaa, na anayefuzu ni yule mwenye ufunguo mpya. Mashindano haya hayajakwisha, na ndiyo sababu sumu zimekuwa nyingi na za namna mbalimbali.

Nimesema kwamba kujikinga ni kweli ndogo. Lakini ni kweli, na mwenye kuionyesha hasa ni swila. Majina haya yanachanganywa kutoka wilaya moja hadi nyingine; katika somo hili swila ni yule fira anayetema. Jino lake lina tundu linaloelekea mbele, naye hupiga mchirizi wa sumu zaidi ya mita mbili, akilenga uso. Mkubwa kuliko wote wa namna hii yuko Kenya, pwani na katika nchi kavu, na huweza kupita mita mbili kwa urefu. Zamani alifikiriwa kuwa ni swila mweusi aliyekua sana. Mwaka 2007 alitambuliwa rasmi kuwa ni aina ya peke yake, akapewa jina la James Ashe, yule bwana aliyeanzisha shamba la nyoka la Watamu, na ambaye miaka mingi kabla alisema kwamba huyu si sawa na wengine.

Kutema hakumsaidii nyoka kupata chakula hata kidogo. Hatemi panya. Hutema kile anachokiogopa. Na mwaka 2021 jambo la ajabu lilichapishwa: kutema kulianza mara tatu mbalimbali, kwa fira wa Afrika, kwa fira wa Asia, na kwa jamaa yao mmoja wa kusini mwa Afrika. Mara zote tatu sumu ilibadilika kwa njia moja, protini mbili zikasaidiana ili jicho liwake moto papo hapo, kama nyuki. Wataalamu hao wakauliza: ni adui gani mwenye kusimama wima, mwenye macho mbele, tena mwenye kuua nyoka kwa fimbo na mawe kutoka mbali? Wamedhani kwamba huenda ni wazee wetu wa kale sana, wakati walipoanza kutembea kwa miguu miwili. Ni dhana, haijathibitishwa. Lakini ikiwa kweli, basi katika sumu zote za nyoka, hii ya kutema ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili yetu, nayo haikukusudiwa kutuua. Ni ya kutuambia tuondoke. Aliyetemewa macho aoshe kwa maji safi mengi sana, papo hapo, bila kusugua, kisha aende kwa daktari. Akikosa maji safi, hata maziwa yafaa.

Sumu ni mali. Nyoka huitengeneza kwa chakula alichokipata kwa taabu, na akiimaliza yampasa angoje mpaka ijae tena. Kwa hiyo mara nyingine akimwuma mtu hutoa kidogo tu, au hatoi kabisa. Ni meno makavu. Na jambo hili jema limeleta balaa. Mtu aliyeumwa kwa meno makavu akiwekewa jiwe la nyoka hupona, kwa sababu hakuwa na cha kumwua. Basi jiwe husifiwa kijiji kizima. Anayekuja nyuma yake ametiwa sumu kweli, huwekewa jiwe lile lile, akapoteza saa sita, au siku nzima, au vidole viwili. Jiwe hili si siri. Kwa kawaida ni kipande cha mfupa uliochomwa. Mwaka 2007 yalichapishwa majaribio ya panya waliotiwa sumu ya kifutu na ya swila, kisha wakawekewa jiwe. Halikusaidia. Nakumbuka katika ujana wangu jiwe la namna hii lilikuwa limefungwa kwa kitambaa ndani ya sanduku letu nyumbani, na baba aliliamini. Simcheki. Alikuwa amewaona waliopona.

Fikirini kwa akili ya somo letu: protini zimeshaingia mwilini na zinatafuta makufuli yao. Jiwe juu ya ngozi litazifuata vipi? Wembe nao hufungua mlango mwingine wa kutoka damu, kwa mtu ambaye huenda damu yake haigandi tena. Kamba iliyokazwa huzuia damu isifike kwenye nyama ambayo tayari inaliwa na sumu ya kifutu au ya swila, na nyama hiyo hufa upesi zaidi.

Kinachofaa ni kitu kinachoweza kuzikamata protini zile zile ndani ya damu. Kilipatikana Ufaransa mwaka 1894. Albert Calmette, na wenzake wengine wawili waliofanya kazi mbali naye, walionyesha kwamba mnyama akipewa sumu kidogo kidogo, mwili wake hutengeneza askari wa kuikamata, na askari hao waweza kutolewa katika damu yake na kupewa mgonjwa. Mpaka leo dawa hiyo hutengenezwa zaidi kwa damu ya farasi. Baadaye kidogo, huko Brazil, daktari Vital Brazil aliona kwamba dawa ya Calmette haikuwafaa watu wake, kwa kuwa nyoka wa Brazil walikuwa na sumu nyingine. Kila askari anamjua mwizi wake. Ndiyo maana daktari atakuuliza umbo na rangi ya nyoka, na kama alitema au alivimba. Msimfukuze ili mmlete. Nyoka aliyekatwa kichwa bado aweza kuuma kwa muda. Mwambieni mliyoyaona, yatosha.

Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka. Wengi ni wakulima, wachungaji na watoto wao. Dawa ni ghali, na vituo vingi vya afya vya shamba havina. Sitawaficha. Kwa hiyo ulizeni mapema, kabla ya mtu kuumwa: hospitali gani katika wilaya yetu huwa na dawa ya sumu ya nyoka, na usiku tutafika kwa chombo gani? Mtu akiumwa, mvueni pete na bangili kabla ya uvimbe, mlazeni, mkono au mguu usichezeshwe, abebwe. Asitembee, wala asipewe pombe. Akitapika alale ubavu.

Nimebakiwa na swali la kwanza la bibi yetu. Nyoka yule alitaka nini? Hakumtaka mtoto. Swila hutembea usiku akitafuta panya na vyura. Panya walikuwa ndani ya nyumba, kwa sababu mahindi yalikuwa ndani ya nyumba, na mtoto alikuwa amelala chini kati ya nyoka na magunia. Mkono ukajigeuza gizani. Nyoka akauma kitu chenye joto kilichosogea, kwa woga au kwa kudhani ni chakula, wala hatutajua lipi.

Katika barua yake bibi amesema kwamba magunia bado yako pale pale, kwa kuwa ghala lilianguka wakati wa masika. Bibi, najua kujenga ghala si kazi ya siku moja. Kabla halijajengwa, watoto wasilale chini katika chumba kile. Walale juu ya kitanda, hata cha kamba, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Huzuia mbu, na nyoka pia. Magunia yainuliwe juu ya magogo mbali na ukuta, ili paka apite nyuma yake.

Mwalimu, kabla hawajatawanyika, kila mwanafunzi aandike sentensi mbili katika daftari lake: ya kwanza, nyumbani kwake mahindi huwekwa wapi, ya pili, watoto hulala wapi. Zisomwe kwa sauti darasani.